Kunguru, Jibini na Dagaa wa Kigwena

Nilikuwa na miaka 9 siku niliposimamishwa mbele ya darasa, mikono nyuma, nikaambiwa nighani shairi la Kifaransa la kunguru na mbweha. Nililighani lote bila kukwama. Mwalimu akaridhika, nami nikarudi kwenye benchi na siri yangu moyoni: sikujua jibini ni kitu gani. Shairi linasema kunguru alitua juu ya mti na jibini mdomoni, mbweha akamsifu sauti mpaka akafungua mdomo aimbe, jibini ikaanguka. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuionja hiyo jibini. Na kwa kuwa kunguru wote niliowajua mimi walikuwa wezi wa dagaa, niliamua kwamba jibini ni samaki wa Ulaya. Nilikaa na imani hiyo miaka mingi.

Mwaka uliofuata nilisahau mstari mmoja wa shairi jingine, nikachapwa viganja. Shairi lile sijalipenda hadi leo, ingawa nimelisoma tena ukubwani nikaona halina kosa lolote.

Naanzia hapo kwa sababu ya swali ninaloletewa na wazazi wa hapa Kigwena, Burundi, tangu nilipoacha kufundisha. Mama anakuja jioni, anasalimia, anakaa, anazungumza habari za mawese na bei ya chumvi, halafu anatoa kitabu kwenye kitenge: "Mwalimu, mtoto kapewa hiki. Ni cha mashairi. Tumfanyie nini?" Kitabu chenyewe mara nyingi ni kilekile, ngano za La Fontaine zenye picha za rangi, kimeletwa na mjomba kutoka Bujumbura. Mara nyingine ni Shaaban Robert, jalada limeng'oka, kimevuka mpaka pamoja na familia zilizorudi kutoka Tanzania. Jibu langu la mlangoni ni fupi: mpe mtoto sauti kwanza, maana itafuata, na usimwulize funzo. Jibu la kukaa kitako ndilo hili.

Tuanze na huyo La Fontaine, maana ndiye aliyenitia jibini mdomoni. Jean de La Fontaine alizaliwa 1621 katika mji wa Château-Thierry, Ufaransa. Kabla jina lake halijavuma, alikuwa na kazi ya kusimamia maji na misitu ya wilaya yao, kazi iliyokuwa pia ya baba yake. Huwa nawaambia watoto wa hapa habari hiyo kabla ya nyingine zote, kwa sababu Kigwena tunayo yote mawili: Ziwa Tanganyika upande mmoja, na msitu wa hifadhi wenye nyani wanaotuibia mahindi. Mtu wa maji na misitu huona wanyama. Mwaka 1668 alitoa vitabu 6 vya kwanza vya ngano zake akamtunukia mwana wa Mfalme Louis wa 14, mtoto wa miaka 6. Aliendelea hadi 1694, vikafika vitabu 12 na ngano takribani 240. Akafariki mwaka uliofuata.

Ngano nyingi hakuzibuni. Alizichukua kwa Esopo wa Ugiriki, na katika mkusanyo wake wa 1678 alikiri kwamba anadaiwa shukrani na mwenye hekima wa Kihindi aliyemwita Pilpay. Huyo ndiye Bidpai wa Kalila na Dimna, kitabu kilichotoka India kikapita Uajemi, kikatiwa katika Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Kwa hiyo mtoto wa hapa Rumonge anayemsikia shehe akisimulia hadithi za Kalila chuoni, kisha asubuhi akaenda shule akakuta La Fontaine, amekutana na ukoo mmoja mara mbili. Mwambie. Atajisikia mwenyeji. Na ukimkumbusha kwamba bibi yake anazo hadithi za Bakame, yule sungura mjanja wa Kirundi, atajua kwamba hata hapa hatukungoja meli kuletewa mnyama anayesema.

Sasa, kuna Mswisi mmoja, Jean-Jacques Rousseau, aliyeandika 1762 katika kitabu chake cha malezi, Émile, kwamba watoto wasipewe ngano hizi kabisa. Alilichukua shairi la kunguru na mbweha akalichambua mstari kwa mstari kuonyesha kwamba mtoto haelewi maneno yake. Hapo namuunga mkono kwa ushahidi wa samaki wangu wa Ulaya. Lakini alisema pia jambo zito zaidi: kwamba mtoto akielewa, ataelewa vibaya. Mkubwa anataka mtoto ajifunze kutodanganywa na sifa. Mtoto anamcheka kunguru na kumpenda mbweha. Anajifunza kusifu ili ale.

Rousseau alikuwa sahihi kuhusu watoto. Nimeliona darasani mara nyingi mno. Ila dawa aliyopendekeza siikubali. Kumnyima mtoto shairi kwa sababu atampenda mbweha ni kama kumnyima ziwa kwa sababu atalowa. Kosa liko katika lile swali tunalolitupa shairi likiisha tu: "Haya, funzo lake ni nini?" Likishaulizwa hilo, shairi limekufa, na mtoto anaanza kutafuta jibu la kumpendeza mkubwa. Yaani yeye mwenyewe amekuwa mbweha, na wewe kunguru.

Fanya hivi badala yake. Usianze kwa kitabu. Nenda naye mwaloni asubuhi dagaa wanapoanikwa, au mtume peke yake kama kawaida, kwani watoto wetu ndio walinzi wa dagaa. Anakaa na fimbo, kunguru wanatua mbali kidogo, wanajifanya hawana habari, mmoja anarukaruka upande huu ili mwingine anyakue upande ule. Mtoto aliyelinda dagaa kwa wiki moja anamjua kunguru kuliko La Fontaine alivyomjua. Jioni mwulize: leo kunguru wamefanya nini? Mwache aseme. Akimaliza, mwambie: nami nina habari ya kunguru mmoja aliyeibiwa. Hapo macho yatafunguka, maana kunguru anayeibiwa ni habari mpya kabisa hapa kwetu. Simulia kwa Kirundi au Kiswahili, lugha mnayogombania chakula kwayo. Jibini igeuze dagaa, au samaki mkeke mzima kama unataka kumtia mbweha tamaa zaidi. Kesho yake ndipo ulete kitabu na Kifaransa chake, umwambie: huyu Mfaransa amesema ni jibini, kitu kinachotengenezwa kwa maziwa yaliyoganda, unaonaje, kunguru wa kwetu angeitaka?

Mjukuu wangu alifikiri kidogo, akasema, "Bibi, kunguru wa kwetu hafungui mdomo mpaka ameshameza." Sikumwongezea neno.

Ngano ya nyenje na chungu inataka uangalifu wa aina nyingine. Nyenje ameimba kiangazi chote, njaa imefika, anakwenda kukopa kwa jirani yake chungu, chungu anamkatalia na kumwambia akacheze ngoma. Vitabu vya shule vinaipigia makofi: fanya kazi, weka akiba. Rousseau aliona mtoto atajifunza roho mbaya ya chungu. Mimi niliisoma mbele ya watoto 12 waliokaa kwenye mkeka uani kwangu, na kilichotokea ni kimya. Halafu msichana mmoja akauliza kwa nini chungu hakumpa hata kidogo. Hapa mtu akija kuomba chumvi huwezi kumwambia akacheze; kesho utakwenda wewe kuomba moto. Mvulana mwingine akasema nyenje naye alikosea, angeimba harusini apate riziki yake. Walibishana mpaka giza likaingia. Kazi yangu ilikuwa kuwasha taa tu. Mzazi mwenzangu, ukiweza kunyamaza wakati kama huo, umefanya zaidi ya walimu wengi, na mimi nikiwa miongoni mwao.

Kuna ngano moja ambayo sipendi isomwe ovyo katika pwani hii. Ni ile ya mbwa mwitu na mwanakondoo. Mwanakondoo anakunywa maji mtoni, mbwa mwitu anamshtaki kwamba ameyachafua. Mwanakondoo anajibu kwa adabu kwamba yeye yuko upande wa chini, maji hayawezi kupanda. Mbwa mwitu anabadilisha shtaka, tena na tena, mwisho anamla. Kama ufundi wa ushairi, pengine ndiyo bora katika kitabu kizima. Lakini tukumbuke tunakaa wapi. Rumonge na Nyanza-Lac zilipita katika moto wa mauaji ya 1972. Familia nyingi zilikimbilia Tanzania na Kongo, na wengine hawakurudi ila baada ya miaka 30 na zaidi, wakakuta michikichi yao ina mwenyewe mwingine, naye ana watoto waliozaliwa chini ya michikichi hiyo. Mtoto wako anayasikia hayo usiku mnapodhani amelala. Ukimsomea habari ya maji na shtaka, atatafuta sura ya mbwa mwitu, na huenda akaipata nyumba ya pili. Sisemi ngano hiyo ifichwe. Nasema msomee mtoto aliyefika miaka 12 hivi, mkiwa wawili, mchana. Akikuuliza mbwa mwitu ni nani, usimtajie mtu. Mwambie mbwa mwitu ni yeyote anayeanza kwa kutaka kula na kumalizia kwa kutafuta sababu. Halafu mwache ajiangalie na yeye mwenyewe, siku aliyomnyang'anya mdogo wake muwa.

Kwa wadogo chagua zenye mwili. Ile ya chura aliyetaka kulingana na ng'ombe haihitaji maelezo yoyote: kila mtoto anavimbisha mashavu, anavuta pumzi, anavimba tena, mwisho wote wanapasuka na kuanguka kwenye mkeka wakicheka. Katika nchi yenye ng'ombe wa pembe ndefu kama zile, nani asiyemwelewa chura? Rudia mara tano. Watoto hawachoki kurudia, tunaochoka ni sisi.

Nimegusa lugha, na wengi wananiuliza lugha gani hasa. Mtoto wa hapa ana Kirundi cha nyumbani, Kiswahili cha mwaloni na sokoni, Kifaransa cha darasani, na tangu nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza navyo vimepewa nafasi katika shule ya msingi. Wazazi wanahofu kwamba mashairi ya lugha nne yatamchanganya. Mimi hofu hiyo sina. Nina hofu na kitu kingine: tunamfanya mtoto akariri Kifaransa kwa mapigo ya Kirundi na Kiswahili kwa mapigo ya Kifaransa, hata asisikie uzuri wa yoyote. Kirundi kina sauti zinazopanda na kushuka. Kiswahili kinabonyeza silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa kinakusanya pumzi na kuiachilia mwishoni mwa fungu la maneno. Kabla ya maneno, mwimbie mtoto mapigo matupu, ta-ta-ta, kama vile unavyompigia ngoma mtu asiyejua wimbo. Kama wewe mwenyewe Kifaransa chako si kizuri, mtafute kijana wa sekondari jirani, mpe andazi, asome mara tatu. Mtoto hajali kwamba sauti si ya mama yake. Anajali kwamba mama yake amekaa anasikiliza.

Tena, tafadhali, usimkatize kusahihisha. Akisema neno kwa Kiswahili cha ziwani badala ya kile cha kitabu, lipite. Atakuja kulijua la kitabu siku atakapolihitaji.

Kukariri nakupenda sana, licha ya viganja vyangu. Shairi lililo kichwani haliibiwi wala halilowi. Ila kuna namna. Watu wengi wanaanza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, hivyo mtoto anaujua wa kwanza kama maji ya kunywa na wa mwisho anauogopa. Wewe anza mwisho. Siku ya kwanza mfundishe mstari wa mwisho peke yake. Siku ya pili wa kabla yake, kisha aingie katika ule anaoujua. Kila siku anapanda nyuma mstari mmoja, na kila mara anapoghani anatoka pagumu kwenda parahisi, kama mtumbwi unaorudi nyumbani. Ubeti mmoja kwa wiki unatosha. Kamwe usimsimamishe mbele ya wageni bila kumwuliza kwanza. Na fimbo ibaki mwaloni kwa kunguru.

Sasa nigeukie vitabu vya kwetu, ambavyo wazazi wanavidhania vigumu kuliko vya Ufaransa.

Katika ushairi wa Kiswahili, mzazi amewahi kumtungia mtoto kama anayemwandikia barua. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Ni kazi kubwa, inasomwa hadi leo, lakini sikushauri umpe mtoto wa miaka 10. Kiamu chake kinawashinda hata wakubwa, na sehemu kubwa inahusu namna ya kukaa na mume, mambo ambayo binti wa leo atataka kuyajadili, na ana haki. Shaaban Robert, mtu wa Tanga aliyeishi 1909 hadi 1962, alifuata njia hiyohiyo. Alikuwa amefiwa na mkewe Amina, watoto wamebaki naye, akatunga Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe, akaziingiza katika kitabu alichosimulia maisha yake mwenyewe. Shuleni zinafundishwa kama mawaidha. Mimi naomba zisomwe kama zilivyoandikwa: baba mjane, usiku, mtoto amelala chumba cha pili. Mwambie mtoto habari hiyo kwanza, halafu msomee beti 5 tu. Mahali baba anapomwita mwanawe, tia jina la mtoto wako. Nimewaona wavulana wakorofi wakitulia ghafla kwa kusikia jina lao ndani ya utenzi.

Usisome zote kwa mkupuo. Mawaidha ni chumvi, na Shaaban Robert mwenyewe, pamoja na heshima zote ninazompa, mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kopo la chumvi.

Na kama baba wa mtoto yuko mbali, Kigoma au Uvira au kwingineko kwenye kazi, mwombe afanye alichofanya Shaaban Robert. Atunge ubeti mmoja, aurekodi kwenye simu, autume. Namjua mzee mmoja anayetuma kila Ijumaa. Si mshairi, vina vyake vinachechemea, na mtoto wake anaucheza ubeti huo hadi simu inazima.

Wanaosema hawajui kutunga nawaambia wamsome mtu wa ziwa letu hili. Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akatoa mwaka 1954 kitabu kilichounganisha sheria za kutunga mashairi na diwani yake. Baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki 1964 akiwa na miaka 40. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Wapenzi wa mpira wengi hawajui kwamba mwenye jina hilo alikuwa fundi wa mizani na vina.

Mizani ni silabi, basi. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mshororo mizani 8. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne una kina chake, na kina hicho cha mwisho kinarudi mwishoni mwa kila ubeti mpaka utenzi uishe. Mtoto wa miaka 8 anaelewa hayo kwa dakika kumi ukimpa makofi badala ya maelezo. Nane ni hesabu ya mwili: ndiyo kasi ya kuruka kamba, ya kupiga kasia, ya kutwanga. Wape watoto mstari mmoja wapige makofi. Ukipungua kofi moja watacheka wenyewe, ukizidi watakuambia umebeba mzigo mwingi. Ile m inayosimama peke yake, kama katika mtoto, ni silabi kamili na ina kofi lake. Watoto wanalijua hilo masikioni kabla ya mwalimu kulisema. Shairi lenyewe la mizani 16 kwa mshororo, nusu kwa nusu, liache mpaka nane ziwe zimekaa.

Watatunga nini? Mwanzoni watakuletea elimu ni taa na mama ni dhahabu, kwa sababu ndivyo wanavyosikia kwenye sherehe. Usiwakataze, lakini usiwasifu pia. Waulize wameona nini leo. Mwandishi mmoja wa Uskoti, Robert Louis Stevenson, aliyekuwa mtoto mgonjwa wa kitandani kila mara, alitoa mwaka 1885 kitabu cha mashairi ya watoto ambacho kimedumu hadi leo. Katika kitabu hicho kuna mtoto anayekaa dirishani jioni kumngoja mtu wa kuwasha taa za barabarani. Hakuna funzo hapo. Kuna mtoto, dirisha na taa. Niliposoma hilo nilifikiria watoto wetu, ambao kila jioni isiyo na mwezi wanaona taa za wavuvi zikiwaka moja moja ziwani, zamani karabai, siku hizi za betri, mpaka maji yanafanana na mji. Nani amewaandikia hilo?

Kwa hiyo fanyeni kaye ya nyumbani. Daftari moja nene, si la shule. Andika humo kila kinachosemwa nyumbani chenye mapigo: vibembelezo vya Kirundi vya bibi, vitendawili vya Kirundi vya "sokwe" na vya Kiswahili vya "tega", wimbo wa kuruka kamba, ubeti wa baba uliotumwa kwa simu, shairi la Kifaransa la wiki. Andika tarehe na umri wa mtoto aliyelisema. Mtoto asiyejua kuandika achore, wewe uandike anavyosema, hata kama sarufi imelala ubavu. Bibi akikataa kuimba mbele ya kalamu, iweke kalamu chini, usikilize, uandike baadaye. Upige jalada kwa karatasi ngumu ya mfuko wa saruji na uzi. Usiiweke sakafuni. Sisi tuliokaa karibu na maji tumeona ziwa likipanda miaka hii na kuingia majumbani, na karatasi ndiyo ya kwanza kwenda. Bati la biskuti lenye kifuniko, juu ya kabati, na vidole vyenye mawese vikanawe kwanza. Kitabu cha La Fontaine kikae humohumo, si kama mgeni wa heshima bali kama jirani.

Kama huna kitabu chochote, usingoje. Ngano za La Fontaine hazidaiwi haki na mtu, unaweza kunakili moja kwa mkono kutoka kwa mwenye nacho, na kunakili kwa mkono ni nusu ya kukariri. Vya Shaaban Robert bado vinachapishwa Tanzania. Mwagize mfanyabiashara anayekwenda Kigoma, na mwandikie jina la kitabu kwenye karatasi, maana nimewahi kuagiza tenzi nikaletewa kitabu cha mapishi. Kilikuwa kizuri, nakiri.

Wiki iliyopita ulikuwa mwezi mpevu. Siku hizo wavuvi wa taa wanapumzika, kwa kuwa taa haina nguvu mbele ya mwezi, na ziwa linabaki jeupe na tupu. Mjukuu wangu, yuleyule wa kunguru, alikaa kibarazani akipiga makofi peke yake kwa muda mrefu, akakosea, akarudia, akahesabu vidole. Baadaye akaja na kaye akaniambia niandike:

Taa hazipo ziwani,
Baba amelala ndani,
Mwezi wakaa mwaloni,
Nani atavua leo?

Nilimwuliza kama kuna ubeti wa pili. Akasema upo, lakini anangoja mwezi upungue na taa zirudi, kwa sababu anataka kuzihesabu kwanza.